Jiwe la Mpaka Nyuma ya Banda la Kuku

Jumapili, 10 Mei
Mwaka huu tena! Kasisi Ormerod katangaza kanisani: Alhamisi, Sikukuu ya Kupaa, kijiji chote cha Lower Snedding kitauzunguka mpaka wake na kuyachapa mawe kwa fimbo, kama walivyofanya mababu. Nikaomba fimbo. Bi Hester Thackwray akageuka na likofia lake, akasema fimbo ni za wanakijiji, na nyumba yangu iko nje ya jiwe la mpaka. Hatua chache tu! Miaka yote hii nimewapakia rangi ukumbi wao, nimekula keki zake kavu bila kunung'unika. Bado naitwa yule bwana wa ng'ambo ya jiwe. Imeniuma sana.

Jumatatu, 11 Mei
Nimepata wazo. Nyumba haihami. Jiwe linahama!

Jumanne, 12 Mei
Wote wamekwenda kutazama kriketi. Mtaimbo, toroli, jasho. Sasa jiwe limekaa nyuma ya banda langu la kuku. Nimelipaka matope na mavi ya kuku lionekane la kale. Mgongo kwisha kazi! Natembea nimepinda. Mke wangu Maud kaniuliza nimedondosha nini. Nikasema natazama vitunguu. Akasema vitunguu viko upande ule.

Alhamisi, 14 Mei
Balaa! Msafara ukafika, mimi nimevaa suti, bado nimepinda. Kasisi akaliona jiwe, akaniambia kwa furaha: kumbe Bwana Peasgood, wewe ni mwenzetu! Nikanyoosha mkono nipokee fimbo. Bi Hester akasema ngojeni kwanza. Akakaa juu ya jiwe. Akatikisa kichwa. Akasema utotoni walimpindua wakampigiza makalio kwenye jiwe hilo, kama watoto wote wa hapa, ili asisahau mpaka ulipo. Na hajasahau ng'o! Siku ile alikuwa anatazama mnara wa kanisa. Leo anatazama nguo za ndani za Maud kwenye kamba!

Wakaangua kicheko. Kisha wote wakautazama mgongo wangu.

Bi Hester akauliza, we bwana, yote haya kwa ajili ya fimbo? Nikasema si fimbo. Nataka kuwa wa hapa. Aibu tupu. Akaamuru nilirudishe jiwe mwenyewe. Nikalirudisha. Halafu akawaambia wanaume: haya, mpindueni! Wakanibeba mzobemzobe, wakanipigiza makalio juu ya jiwe. Nikauona mnara! Akasema aliyepigizwa hapa ni wetu, alale anakolala. Akanipa fimbo yake mwenyewe. Nimelia mbele za watu. Na mgongo umenyooka!

Ijumaa, 15 Mei
Naandika nimesimama, kukaa haiwezekani. Furaha tele! Bi Hester kaleta keki. Kavu. Nimekula vipande viwili. Akalalamika kwamba bwawa la bata liko upande wa Great Ossop, na jirani zetu hao wanatufukuza tukienda kulisha bata. Watufukuze sisi? Mwanakijiji gani atavumilia hayo? Nimepita kuangalia mpaka wetu nao. Jiwe lenyewe dogo tu.

Nimeshalipaka toroli mafuta.