Nyama Iliyomeng'enywa Kabla ya Kuliwa

Jumatano, 4 Machi

Mama mkwe anastaafu! Mgahawa wake wa pale stesheni ataukabidhi kwa mkwe atakayempikia nyama nzuri Jumapili. Wakwe tuko wawili tu: mimi, na mume wa dada yake mke wangu, ambaye hata jikoni anavaa tai. Namwita Bwana Tai. Ushindi ni wangu. Nimeshachagua hata rangi ya vitambaa vya meza.

Alhamisi, 5 Machi

Muuza nyama kaniuzia fahali mzee kuliko mimi. Nimeonja kipande, jino la nyuma sasa linacheza. Na meno ya mama mkwe yanahesabika. Balaa!

Lakini mke wangu hafundishi baiolojia bure. Kasema protini ya nyama ni kama mnyororo mrefu, na tumboni mwetu vimeng'enya huukatakata ndipo mwili uweze kuutumia. Papai bichi nalo lina kimeng'enya chake, kinachofanya kazi hiyo hiyo nje ya tumbo. Paka, ngoja nusu saa, osha, pika.

Nusu saa! Hiyo ni ya waoga. Mimi nitaipa mpaka Jumapili.

Ijumaa, 6 Machi

Nimetwanga mapapai, nikaizika nyama humo. Vidole vinaniwasha, ngozi inabanduka. Dalili njema. Mke wangu kauliza kama nimekumbuka kuosha. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kaolewa na mpishi.

Nimepita kwa Bwana Tai nikijifanya naazima kisu. Anasema yeye atachemsha tu, kwa chumvi na kitunguu, moto mdogo. Maskini! Nimecheka njia nzima. Kisu nimekisahau.

Jumamosi, 7 Machi

Mke wangu kasema, bila kujua ananisaidia nini, kwamba vimeng'enya hupenda joto, baridi huvizubaisha. Upesi nikatoa bakuli kwenye friji, nikaliweka kando ya jiko. Jioni nikaibonyeza nyama. Kidole kikatokea upande wa pili!

Jumapili, 8 Machi

Nimeitia nyama sufuriani. Nikageuka kuchukua mwiko. Nilipotazama tena, nyama hamna. Kuna uji. Wa kahawia. Mchungu kidogo.

Sikutetereka. Nikaumimina kwenye mabakuli, nikaupamba kwa majani ya giligilani. Mama mkwe akakoroga, akakoroga, akauliza nyama iko wapi. Nikamweleza kwa fahari kwamba imeshameng'enywa tayari, tumbo lake lipumzike.

Akaweka kijiko chini.

"Imemeng'enywa na nani, mkwe wangu?"

Shemeji, mke wa Bwana Tai, akakimbilia uani, nikamsikia akicheka huko. Nyama ya Bwana Tai mama mkwe aliitafuna kwa upande wenye meno, taratibu, macho kafumba. Kisha akamkabidhi funguo. Naye kavaa tai yake vilevile!

Jumatatu, 9 Machi

Mke wangu kanikalisha kitako. Kasema kimeng'enya hakina akili ya kujua pa kuishia, kinakata tu mpaka kiharibiwe kwa moto. Nimemwelewa kabisa. Kosa lilikuwa la papai.

Jumamosi tunamuaga mama mkwe, na funguo zinaweza kubadili mikono. Nitamtengenezea jeli ndefu kama mnara, iliyojaa vipande vya nanasi bichi. Mke wangu kaanza kusema eti jeli nayo ni protini, na nanasi bichi nalo lina...

Sikumsubiri amalize. Mananasi mazuri huwahi kuisha sokoni.