Yah: Kukataliwa kwa Uvimbe wa Mdogo Wangu

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Utafiti wa Uvimbe wa Tumbo,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima wa tumbo na vyote vilivyomo ndani yake. Mimi ni fundi cherehani, huu mwaka wa thelathini na moja, na chumba changu cha kazi kiko mtaa wa nyuma ya hospitali yenu, mlango unaotazamana na jengo la kufulia. Mashuka ya wodini yakichanika nayashona mimi. Kwa hiyo usidhani unaandikiwa na mtu asiye na shughuli.

Mdogo wangu ni mwokaji mikate, na tangu utotoni tunamwita Kibonge. Ana uvimbe kwenye ukuta wa tumbo la chakula. Daktari bingwa wenu wa upasuaji aliuona kwa kamera, akatueleza kwamba uvimbe wa aina hii unaweza kukua kimya kimya, unaweza kuvuja damu, na tiba yake ya kwanza ni kuukata. Akatuambia pia kwamba idara yenu inafanya utafiti: wagonjwa wengine wanapasuliwa wazi, wengine wanatolewa uvimbe kwa matundu madogo, kisha mnalinganisha nani amepona vizuri zaidi. Tukafurahi, mimi nikavaa koti, tukaja ofisi ya utafiti, kile chumba cha mwisho koridoni chenye feni isiyozunguka. Huko ndiko yalikotokea haya ninayoyalalamikia.

1. Muuguzi wa utafiti alifungua faili, akateremka na kalamu kwenye orodha ya vigezo, akafika mstari wa saba, akasimama. Akatuambia kwa upole kwamba utafiti unachukua uvimbe usiozidi sentimita tano, na wa kwetu ni sita na nusu. Akafunga faili. Kibonge akamwambia asante. Asante ya nini? Mtu anakataliwa ugonjwa wake mwenyewe, halafu anashukuru! Ndugu Mwenyekiti, mteja mnene akiingia kwangu simwambii akakonde kwanza ndipo arudi. Naongeza kitambaa. Wataalamu wa uvimbe wanaoukimbia uvimbe mkubwa ni wataalamu wa nini hasa?

2. Nani alipima? Naambiwa ni mashine. Nilipouliza kama mgonjwa alikuwa amevuta pumzi au ameitoa, muuguzi alinikodolea macho. Fundi yeyote anajua kwamba mteja akijaza pumzi vipimo vyote huwa uongo. Naomba apimwe upya, nami niwepo.

3. Daktari bingwa aliitwa atutulize. Alikaa nasi kwenye benchi, hilo namshukuru, akasema uvimbe ukiwa mkubwa na ukavutwa kwa nguvu ndani ya tumbo unaweza kupasuka, na ukipasuka mbegu zake zinatawanyika, kazi inaanza upya tena mbaya zaidi. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamweleza, kwa heshima zote, kwamba mimi kwa miaka thelathini na moja napitisha vifungo vipana kwenye matundu membamba, na hakuna hata kimoja kilichopasuka. Siri ni kukigeuza ubavu. Hakuandika popote. Mtu anapewa elimu ya bure, mfukoni ana kalamu tatu, na hakuandika popote!

4. Nikiwa nimesimama pale koridoni nilisoma karatasi mliyobandika ukutani, yenye matokeo ya utafiti wenu wa awali. Imeandikwa kwamba waliotolewa uvimbe kwa matundu madogo walirudi nyumbani mapema, wakala mapema, na wengi hawakupata tatizo lolote. Nilicheka peke yangu hadi mlinzi akaja kuniangalia. Hivi wasingepona kwa nini? Mmechagua uvimbe mdogo, mtulivu, uliokaa pazuri, ndani ya watu wasio na kisukari, wasio na moyo mbovu, wasiozidi umri fulani. Na mimi nikiamua kuwashonea watu wembamba tu, wanaosimama wima bila kutikisika, nitabandika karatasi mlangoni nijisifu. Tatizo ni kwamba watu wenyewe hawako hivyo. Wanakuja na vitambi, na bega moja chini, na wanataka nguo ya harusi kesho.

5. Hapa ndipo dharau ilipovuka mpaka. Daktari alisema tusihangaike, kwa kuwa kukosa utafiti si kukosa matibabu. Angempasua Kibonge kwa njia ya kawaida, tumbo wazi, Alhamisi hii, yeye mwenyewe, chumba kile kile, taa zile zile. Nikaelewa mara moja. Wenye sentimita tano wanafanyiwa utafiti, sisi tunapewa makombo. Nilikataa palepale kwa niaba ya familia. Shemeji yangu, mke wa Kibonge, alilia tangu koridoni hadi getini, akaniuliza mimi ni daktari tangu lini. Nikamwambia awe na subira, haya mambo yana utaratibu wake, kamati ikiandikiwa itajibu. Kibonge alinifuata hadi nyumbani. Ni mtu wa kunitii tangu baba yetu afariki. Hivi sasa yuko nyumbani, kwa ushauri wangu, anasubiri majibu yako.

6. Kutokana na hayo naiomba kamati ichague moja kati ya haya: ama ipandishe kikomo kutoka sentimita tano hadi saba, ama iandike tu kwamba uvimbe wa Kibonge ni tano (nani atajua?), ama ianzishe utafiti mwingine wa waliokataliwa, ambao kwa maoni yangu utapata watu wengi kuliko wenu. Katika huo wa tatu naomba niwe mjumbe. Nimeyaona majina ya wajumbe wenu ukutani: madaktari, mtu wa takwimu, mtu wa sheria. Hakuna hata mmoja anayeshika futi kwa riziki yake. Kamati ya vipimo isiyo na mtu wa kupima, halafu mnashangaa watu wanalalamika.

Nawapa siku ishirini na moja. Msiponijibu nitaandika gazetini, nami nina mwandiko mzuri.

Msalimie daktari bingwa na kalamu zake. Msalimie muuguzi wa utafiti, mwambie sina kinyongo naye bali na mstari wake wa saba. Mlinzi naye nisalimieni, pamoja na wagonjwa wote wa sentimita tano kushuka chini, tunawaombea wapone ili mzidi kujisifu.

Wako ninayedai kipimo cha haki,

Fundi wa mtaa wa nyuma,
kaka mkubwa wa aliyekataliwa.

Nyongeza: Sijafunga bahasha bado. Kibonge amepita hapa na suruali yake ya kazini, ananiomba nimpunguzie kiuno kwa sababu inamvuka akiinama kwenye tanuri. Nimeifumua nyuma, na ndani nimekuta mishono yangu mwenyewe mitatu, mmoja juu ya mwingine. Nimempunguzia mara tatu tangu mwaka uanze. Mara zote tatu nilimtania kwamba mkate wake haumshibishi hata yeye, akacheka, nami nikaendelea kushona. Leo nimempima: inchi saba zimeondoka. Nilikuwa na hesabu hiyo mikononi miezi mingi kabla ya mashine yenu, na sikumwambia aende hospitali. Ndugu Mwenyekiti, mashine yenu haikukosea. Naomba uifute namba moja hadi sita. Kama nafasi ya Alhamisi haijapewa mtu, tafadhali mtushikie. Fomu ya kuridhia kupasuliwa, aliyotupa daktari siku ile, Kibonge ameshaisaini, mkewe alikuwa nayo kwenye mkoba muda wote. Barua hii naileta kwa mkono, na yeye niko naye. Mpasueni kwa tundu lolote, la ukubwa wowote. Naogopa sana.