Malalamiko Kuhusu Mmiliki wa Data Anayefuga Kuku

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Usimamizi wa Mifumo ya Kompyuta,
Hapa Chuoni.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: OMBI LA KUVUNJWA KWA KAMATI YAKO, KWA HESHIMA ZOTE

Mimi ni karani wa mitihani, mwaka wa kumi na tisa sasa katika chumba namba nne, kile ambacho mlango wake haufungi mpaka uuinue. Sina ugomvi na mtu. Ila maji yamenifika shingoni.

1. Kipanya cha kompyuta yangu kilikufa. Nikamwita fundi wetu, yule tunayemwita Waya, ambaye zamani angekuja na kingine mfukoni. Akanijibu kwa huzuni, "Dada, siku hizi mpaka ujaze fomu." Fomu yenyewe imo ndani ya kompyuta, na haifunguki bila kipanya.

2. Nywila tunabadilisha kila Jumatatu, na ni marufuku kurudia ya zamani. Nilianza na majina ya watoto wangu watano, wakaisha, nikaingia kwa mashemeji. Wiki iliyopita nilifungiwa nje siku nzima kwa kusahau ni shemeji yupi.

3. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Jumanne moja mwezi uliopita alikuja binti aliyehitimu mwaka jana, anahema. Ana usaili Alhamisi, anataka cheti cha matokeo. Mfumo ukaniandikia: Subiri idhini ya Mmiliki wa Data. Nikapekua kumbukumbu za vikao vyenu, nikakuta Mmiliki ni profesa aliyestaafu miezi minane iliyopita. Ombi limetumwa kwenye barua pepe yake ya chuo, ambayo Kamati hiyohiyo iliifunga siku aliyostaafu.

Tukamfuata nyumbani kwa miguu, mimi na binti. Tulimkuta analisha kuku. Nilipomweleza kwamba anamiliki matokeo ya wanafunzi elfu sita, alikaa juu ya debe. "Mwanangu," akasema, "mke wangu asisikie. Kila siku ananiambia sina kitu."

Akatia saini kwenye karatasi. Kurudi ofisini, mfumo hausomi karatasi. Binti akaanza kulia kimyakimya, akijifuta kwa bahasha ya picha zake za pasipoti. Mheshimiwa, na mimi ni mama. Nikamwambia Waya, "Kaka, leo tufumbe macho." Akaingilia mlango wa nyuma wa mfumo, anaoujua mwenyewe, nikaona jina, nikachapa, nikagonga mhuri. Dakika nne! Binti alinikumbatia mpaka miwani ikaanguka.

4. Basi, kama watu wawili wamemaliza kwa dakika nne kazi iliyowashinda wajumbe kumi na mmoja, naomba Kamati ivunjwe, ile meza yenu ndefu niletewe mimi, na kanuni zote zibaki moja tu: muulizeni karani.

Nisalimie wajumbe wote, katibu muhtasi wako, na mama watoto nyumbani.

Wako mtiifu,
Karani wa Mitihani,
Chumba namba Nne

Tanbihi: Kabla sijabandika bahasha, ameingia binti mwingine kufuata matokeo yake. Majina yake yote matatu ni sawa na ya yule wa kwanza. Nimelinganisha namba za usajili mara tano: cheti nilichompa yule ni cha huyu. Yule wa kwanza ameshapata kazi kwa alama za huyu, na nasikia wakubwa wake wanamsifu sana. Kamati isivunjwe, tafadhali. Nitumieni fomu zote mlizo nazo, na upesi: binti amekaa mbele yangu, na anasema hana haraka.