Vigingi Nilivyovihamisha

Jumanne, 9 Agosti 1994

Wewe uliyeshika daftari hili, nakusihi kwa jina la mama yako: usimsomee mtu hata sentensi moja. Usimnong'oneze hata mkeo. Na kama wewe ni Luhaga, lifunge sasa hivi, mwizi, ulirudishe chini ya godoro.

Naandika kwa sababu nisipoandika nitasema, na nikisema nimekwisha.

Hali ni hii. Bosi wetu, Mzee Muharami, anataka kujenga kiwanda cha minofu ya sangara ufukweni. Siku hizi kila mwenye uwezo Mwanza anataka kiwanda cha minofu. Kiwanja kipo, mitambo iko njiani. Lakini wakubwa wameagiza ardhi ichunguzwe kwanza, isije ikawa na mambo ya kale. Ndiyo sababu amekuja Daktari Dorcas kutoka chuo kikuu, na kamba, vigingi na chekeche. Anaanza na mtaro mmoja wa majaribio. Akikuta kitu, kiwanda kinahama. Asipokuta, tunajenga.

Na kiwandani atabaki karani mmoja tu. Mimi au Luhaga. Bosi amenikabidhi mimi mtaro, na amesema wazi: ukitoka mtupu, meza ni yako, ukitoa kitu, urudi kwenu Misungwi ukalime pamba. Akauliza kama nimeelewa. Nikapiga saluti. Sijui kwa nini nilipiga saluti.

Tatizo ni Baba. Amekwisha kutangaza kanisani kwamba nimeajiriwa moja kwa moja. Padri aliomba makofi.

Jumatano, 10 Agosti

Balaa! Daktari amepigilia vigingi vyake pale penye mwinuko, kando ya shamba la Bibi Kija. Nilipita pale kwa miguu yangu. Vigae vya vyungu kila unapokanyaga! Atachimba hapo na ataibua mji mzima.

Luhaga aliona jasho langu. Aliniuliza, kwa ule upole wake wa paka, kama nina homa, maana daktari yupo. Bibi Kija naye alikuwa amesikia habari za daktari, akaja na goti lake bovu. Alipoelezwa kuwa daktari huyu hutazama udongo tu, alisema amtazame basi, kwani yeye amebakiza kidogo tu awe udongo.

Wote walicheka. Mimi nilikuwa nawaza.

Mchana wakaenda kula ugali kwa Mama Zakia. Nikasema tumbo linauma, nikabaki. Daktari alikuwa hajapima vigingi kwenye ramani yake. Alisema atapima akishiba. Nikaving'oa. Vyote vinne! Nikavipeleka upande wa pili, penye nyasi tupu, mahali ambapo dhahiri hapajawahi kulimwa. Hoja yangu: pasipolimwa hapakuishi mtu. Pasipoishi mtu hapana kitu. Nikapima pembe, nikakaza kamba, nikafukia mashimo ya zamani kwa kisigino. Sijawahi kufanya kazi safi namna ile.

Daktari aliporudi alisimama muda mrefu akitazama. Akasema alidhani aliviweka karibu zaidi na shamba la bibi. Nikasema jua la Mwanza ni kali kwa mgeni. Akanitazama. Akajikuna. Akapima.



Ijumaa, 12 Agosti

Asubuhi: udongo, mizizi, siafu. Hakuna kitu. Niliimba. Vibarua waliniomba ninyamaze.

Saa tano hivi, jembe likalia ngee!

Mawe meusi, mazito, yenye matundu kama mkate. Daktari alipiga magoti mtaroni, akalifuta moja kwa brashi, akatabasamu kama bibi arusi. Mavi ya chuma, alisema, yaani makapi yanayobaki chuma kikiyeyushwa. Halafu vikatoka vipande vya mirija ya udongo, ile ambayo wahunzi wa kale waliitumia kupulizia moto. Nikauliza kama haiwezekani ni ya mhunzi wa juzijuzi, labda mlevi fulani. Akasema hapana, hii ni ya zamani sana, na kwa nini nilitaka sana iwe ya juzi.

Nilikimbia kwa Bibi Kija. Shikamoo, marahaba, kisha nikamuuliza kwa nini pale hapalimwi. Akacheka mpaka akashika goti. Aliniita mume wangu, kama anavyowaita vijana wote, akasema pale majembe huvunjika, hata mbuzi wanajua, na je, shuleni nilikuwa nafagia tu?

Jumamosi, 13 Agosti

Bado kuna njia. Jana nilimsikia Daktari akiwaeleza vibarua kwamba kitu kipya kikionekana chini sana, maana yake udongo umevurugwa na hauaminiki tena. Mungu hamtupi mja wake! Wakati wanakunywa chai nilikididimiza kizibo cha soda kwenye ukuta wa mtaro, mkono mzima, hadi kiwiko.

Kilitoka kwenye chekeche kabla ya mchana. Daktari alikigeuzageuza. Nikasema kwa huzuni kubwa: basi kumbe pamevurugwa, pole sana, kazi yote bure. Akakubali kwamba huenda pamevurugwa. Kwa hiyo, alisema, itabidi tupanue mtaro mpaka tufike penye udongo ambao haujaguswa.

Tupanue!

Wakapanua. Chini ya ule ukuta, tanuri zima. Mviringo, jekundu, limekaa kama sufuria jikoni. Vibarua walipiga vigelegele. Nami nilipiga, kwa woga.

Kisha Luhaga akanisogelea sikioni. Kizibo kile ni cha soda ya machungwa, alisema, na hapa anayekunywa soda ya machungwa ni mtu mmoja. Tena yeye mwenyewe Jumatano alirudi kuchukua kofia yake, akaniona nikipita nyasini nimekumbatia vigingi kama kuni. Nikamwambia: Luhaga, ndugu yangu! Akasema undugu tutauzungumza Jumatatu, Bosi akija.

Jumapili, 14 Agosti

Sijala. Kanisani niliomba mvua ya mafuriko. Mwezi wa nane!

Jumatatu, 15 Agosti

Bosi alifika. Na nyuma yake, jamani, Baba! Koti la Pasaka, kuku jike kwapani, amekuja kumshukuru mwajiri wangu. Nilitamani kuingia ndani ya tanuri.

Bosi alitazama mtaro. Akaniuliza kama nilisoma sekondari au nilipita tu barabara ya kando yake. Hapo Luhaga akakohoa. Akaeleza yote: vigingi, kizibo, tumbo la uongo. Alieleza taratibu, kama anayekula nyama.

Baba alihamishia kuku kwapa la pili.

Daktari akasema alishuku tangu Jumatano. Ndiyo maana leo alfajiri alichimba pale alipopachagua mwenyewe, kwenye mwinuko. Na alikuta nini? Vigae vya vyungu vya pombe vilivyovunjika kwenye arusi ya mjukuu wa Bibi Kija, mwaka jana. Chini yake mchanga. Mchanga mtupu mpaka kwenye mwamba.

Mtupu! Kama nisingegusa kitu!

Bosi alilielewa hilo sekunde ileile niliyolielewa mimi. Nililiona likipita usoni mwake kama lori. Daktari akaongeza kwamba kuhamisha vigingi ni kosa kubwa na ataniandikia, na kwamba bila mimi tanuri lile lingezikwa chini ya zege, kwa hiyo ananishukuru. Alisema yote mawili kwa sauti moja.

Baba alisikia neno ananishukuru tu. Akamshika Bosi mkono kwa mikono yote miwili, akamshukuru kwa kunilea, akampa kuku.

Bosi alichukua kuku. Halafu akachukua kazi yangu.

Baba aliuliza njia nzima kama hiyo ndiyo likizo.

Alhamisi, 18 Agosti

Luhaga amekaa kwenye meza. Wanasema ameitegemeza kwa kigae, maana mguu mmoja wa meza ni mfupi. Na ayumbe nayo!

Lakini nimefikiri sana na nimeliona kosa. Kosa halikuwa kuhamisha vigingi. Kosa lilikuwa kuvipeleka pasipolimwa. Basi! Kiwanda kinahamia Kayenze, na wiki ijayo Daktari atachimba mtaro mwingine kule. Ukitoka mtupu kwa mkono wangu, Bosi atanirudisha mwenyewe, na Baba hatalazimika kumwambia Padri chochote.

Nimekwenda kupakagua. Nimepata mahali pazuri mno: shamba la mihogo, limelimwa miaka nenda rudi, jembe halijagonga hata kokoto. Mwenye shamba, Mzee Nkwabi, anasema udongo wake ni mweusi hivyo na una rutuba hivyo kwa sababu umejaa majivu, mifupa na magamba ya konokono, wala hajui vilitoka wapi. Udongo laini kama unga! Hapo hakuna mtu atakayekuta kitu.

Nahitaji tu mtu wa kunishikia ncha ya pili ya kamba. Wewe umesoma mpaka hapa, hujamwambia mtu, unafaa. Njoo Mirongo, kwa Bilali fundi cherehani, nyuma ya mashine ya kusaga. Usiniulizie kwa jina. Sema umeleta suruali ya kupunguzwa kiuno, tena uje nayo kweli, kwani Bilali hapendi watu wa maneno matupu. Nitatokea mlango wa uani. Ukimkuta mzee mwenye koti la Pasaka amekaa barazani, msalimie shikamoo, umwambie nipo kazini.