Ngoma Kuu Imerudi

Ninayo furaha kuutangazia umma kwamba Ngoma Kuu, iliyotoweka kwenye jumba letu la makumbusho, imepatikana. Nikiwa Katibu wa Kamati ya Kurejesha Urithi Ulioporwa, nawajibika kueleza ilivyokuwa, maana huko mitaani watu wanajisemea tu.

Kamati ilisafiri ng'ambo mara nne kuitafuta. Kote tuliambiwa haipo, jambo lililotuthibitishia kwamba imefichwa kwa ustadi. Basi tukafungua maonyesho bila ngoma: kabati tupu la kioo, taa kali, na picha yake ya zamani ukutani. Wageni walisikitika vizuri sana.

Mheshimiwa Waziri, ambaye zamani alikuwa mkurugenzi wa jumba hilohilo, alihutubia huku akimkazia macho balozi wa kigeni aliyekaa mstari wa mbele. Alimtaka yeyote mwenye ngoma hiyo airudishe leo hii, awe mkubwa au mdogo.

Mama mzazi wa Waziri, aliyealikwa kuipamba hafla, alininong'oneza kuuliza ni ngoma gani hiyo. Nikamwonyesha picha. Akaitazama, akachukua mkoba wake, akaondoka na dereva. Nilidhani joto limemzidi.

Aliporudi hotuba ilikuwa bado inaendelea. Nyuma yake dereva alikuwa anahema, amekumbatia Ngoma Kuu, na kitambaa cha kufuma kingali juu yake.

"Mwanangu, si umesema irudishwe leo?" mama alisema. "Televisheni nimeiweka chini."

Balozi ndiye aliyeanza kupiga makofi. Mimi nikatangaza mapumziko ya soda.

Jioni tulitoa taarifa kwamba ngoma ilikuwa kwenye hifadhi ya muda, katika mazingira ya kifamilia. Haikusaidia kitu. Kesho yake makumbusho hayakuwa na mtu. Foleni ilikuwa getini kwa Waziri, watu wanataka kuona vilivyobaki. Mama aliwafungulia, akawatembeza chumba kwa chumba. Mheshimiwa alikuwa amejifungia chooni, ambako kuna kinyago kimoja tu.

Nilifika na lori la Kamati kuvichukua. Mama alinipokea kwa heshima zote, kisha akaniuliza kile kigoda alichokiona sebuleni kwangu siku ya harusi ya binti yangu nitakipeleka lini.

"Mama," nikamwambia, "suala hilo liko kwenye mchakato."

Akajifunga kanga vizuri, akapanda lori, akakaa mbele.

"Haya, baba, twende tukauharakishe."