Nafasi Ipo, Hesabu Imejaa

Jumatatu, 1 Machi 2004
Nimeanza kazi ya maana. Vita vimechoma karatasi za watu miaka kumi sasa. Nimekodi nafasi kubwa kwenye kompyuta ya Adrien, mwenye siber, duka la intaneti, hapa Bwiza, Bujumbura. Mwaka mzima. Nitapiga skana vyeti vya majirani, vikae humo salama. Tangazo langu limebandikwa: Népomuscène, Mkurugenzi. Murhula, mtu wa fotokopi ng'ambo ya barabara, amelisoma akacheka. Wivu.

Jumatano, 3 Machi
Foleni! Murhula anapiga miayo. Jana niliweka kwanza picha zangu nikiwa na tai, nilizopigwa kwa kamera ya shemeji. Mia tatu na kumi na mbili. Nafasi haikutikisika. Alasiri amekuja Mama Scholastique, muuguzi, mkimbizi kutoka Uvira, na diplome yake. Anakaa Buterere, maji yanaingia hadi chumbani. Nikaipiga skana, nikamwambia hata yakiibeba asijali.

Jumatatu, 8 Machi
Siamini. Mvua ya juzi imefanya diplome kuwa uji. Mama Scholastique anatakiwa kuionyesha zahanati Alhamisi, apewe kazi. Nikafungua kompyuta kwa madaha. Haipo. Vyeti vyote vya tangu Jumatano mchana havipo. Adrien akaeleza polepole kwamba nafasi karibu yote ingali tupu, ila faili hazivuki mia tano. Zinazozidi zinakataliwa kimyakimya. Nikauliza imeandikwa wapi. Hakuna mahali.

"We uliuliza nafasi," akasema. "Hesabu hukuuliza."

Mama Scholastique hakugomba. Aliketi kizingitini, akaniuliza: "Sasa miaka yangu minne ya masomo iko wapi?"



Jumanne, 9 Machi
Mshtuko wa pili. Mama Scholastique amekumbuka kwamba mwaka jana alitoa fotokopi kwa Murhula, na ya kwanza ilitoka hafifu ikaachwa pale; ile nzuri imelowa pamoja na diplome. Murhula hatupi karatasi, anafungia karanga. Amepekua maboksi asubuhi nzima bila kuniangalia hata mara moja. Nami nilipekua. Ameipata yeye. Muhuri unasomeka.

Ijumaa, 12 Machi
Zahanati imeikubali. Mama Scholastique ameanza kazi. Mimi nimehamia kwa Marcellin, mwenye siber nyingine mtaa wa Jabe. Safari hii nimeuliza hesabu ya faili, mimi si mutoto. Akasema hazina kikomo. Akaanza kueleza kitu kuhusu miezi mitatu na kufutwa. Nikamkatiza, nikatia sahihi ya mwaka mzima.