Naishiwa Wahusika

Jumatatu, 3 Juni
Fundi cherehani kahama! Katikati ya sura ya saba, nami nilishampangia apendwe. Tangu kiwanda cha nguo kifungwe, kila Jumamosi lori linapakia makochi ya watu. Sasa nitaandikaje riwaya ya mji unaokufa ikiwa mji wenyewe haunisubiri nifike sura ya mwisho? Mke wangu kasema dada yake kampatia kazi ya upishi shuleni, huko jijini, nami nasemaje. Nikamwambia aniache kwanza, nawaza watu.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata dawa. Nimemwahidi kinyozi sura nzima, mradi asihame. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi; wetu hana hata cha kunyoa. Akauliza kama kitabuni atakuwa na nywele. Nikampa nywele.

Jumatano, 5 Juni
Kinyozi hana kifua! Mtaa mzima umejua. Mwokaji mikate anataka nimwondolee kikohozi, nimwongezee kimo, na awe mzuri kuliko kinyozi. Bila hivyo haniuzii mkate. Nimeondoa kikohozi. Njaa mbaya.

Alhamisi, 6 Juni
Nimewasomea pale kwa kinyozi. Balaa! Mwokaji ana kurasa sita, kinyozi nne. Kinyozi akasusa, akaanza kufunga viti kwa kamba, eti Jumamosi naye anahama. Haraka haraka nikamwongezea kifo cha kishujaa. Akafoka kwamba yeye si mtu wa kuuawa mbele ya wateja. Mteja alikuwa mmoja, tena kasinzia. Nimemfufua kinyozi. Kurasa nane.

Ijumaa, 7 Juni
Mke wangu kasoma mswada wote, kurasa mia mbili na kumi, huku akichambua mchele. Akauliza yeye yuko wapi. Nikamweleza yumo kila mahali, kama hewa. Akasema hewa haipiki wala haifui. Kisha akauliza, kwa hiyo yeye hahusiki? Nikamfafanulia kwa upole kwamba mhusika ni istilahi ya fasihi. Unampa mtu elimu, yeye anashusha sanduku!

Jumamosi, 8 Juni
Lori limekuja. Kinyozi kabaki, mwokaji kabaki. Mpango umefaulu kabisa! Aliyepanda ni mke wangu. Nilimshika mkono, nikamwambia riwaya inakaribia kwisha. Akanijibu kwamba asiyehusika hangoji mwisho, akaniambia chumvi iko rafu ya juu. Miaka ishirini na tisa! Nimelia barabarani kama mtoto. Kinyozi akauliza kama na hilo litaingia kitabuni.

Jumapili, 9 Juni
Nyumba kimya. Nimekunywa chai mbaya na sina wa kumlalamikia. Haya, muungwana akivuliwa nguo huchutama: nimekosa. Nimeanza sura yake mwenyewe, ya kumsihi arudi, itaondoka na lori lijalo. Imetoka kwa pumzi moja! Kurasa tano tayari, zote zinaeleza bahati aliyoipata kuolewa na mwandishi.